Kwa Nini Mguu wa Kushoto Ulizama Upesi

Marani, Sabato alasiri

Mwanangu Makori,

Barua hii ni jibu. Mwezi uliopita uliniuliza swali, nikakufokea, ukanywea ukidhani umekosea. Hukukosea. Tulikuwa tumeshatoa gurudumu la mbele la ile pikipiki kuukuu, imebaki miguu miwili inaning'inia, bomba na springi na oili yake ndani. Ukaushika mguu wa kulia ukausukuma juu, ukapinga kama inavyotakiwa. Ukasukuma wa kushoto, ukazama mara moja. Ukasema, "Tata, mbona huu unazama upesi kuliko mwenzake?" Nikakuambia uache maswali ya kitoto ushike msasa. Kesho yake nikakutuma Kisii mjini kwa fundi vyuma Kanji ukangoje bushi za miguu ile zikerezwe, na kwa kweli bushi zile hazikuwa na haraka yoyote. Nilitaka uondoke ili niufungue mguu ule peke yangu.

Sasa umekwenda Nyamira kuwaaga wajomba zako, na jioni utarudi kupitia sokoni. Kabla hujafika nyumbani utakuwa umesikia kwamba baba yako alisimama leo kanisani akasema maneno. Watu watakueleza kila mmoja kwa chumvi yake. Nataka upate na yangu isiyo na chumvi, ndiyo maana ninaandika mbio kabla hujaingia.

Sitakupa maagizo ya safari yako ya kesho. Mama yako ameshamaliza habari ya blanketi, kwinini na majirani wa kuogopa, na mambo hayo anayajua kuliko mimi. Amechungulia dirishani sasa hivi kuniuliza kama kuandika barua ndefu namna hii si kazi ya mikono siku ya Sabato. Nimemjibu kwamba ni ng'ombe aliyetumbukia kisimani, naye ataruhusiwa kutolewa. Alianza kucheka, kisha akanyamaza, kwa sababu leo anajua ng'ombe mwenyewe ni nani.

Tena utashangaa ninakuandikia kwa Kiswahili. Kigusii ni cha nyumbani, na maneno haya kwa Kigusii yalinikwama kooni miaka mingi. Kwa Kiswahili ni kama ninamsimulia mtu wa mbali, na ninaweza kufika mwisho.

Unamjua baba yako mdogo Mogaka wa Itumbe kwa mambo mawili: goti lisilokunjika na jina baya. Jina hilo nimelitumia mimi mwenyewe kukulea. Ulipotaka kwenda densi na vijana wa sokoni nilikuambia, "Nenda tu, uwe kama Mogaka." Ulipofeli hesabu nilisema Mogaka naye alianza hivyohivyo, na huo ulikuwa uongo, maana Mogaka alikuwa na akili ya hesabu kunishinda mara mbili.

Pikipiki ile ilikuwa yake. Aliachiwa na mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akizunguka vilima hivi kabla ya Uhuru, na Mogaka alikuwa tarishi wake. Haikuwa pikipiki ya lami. Umeona mwenyewe matairi yake ya meno na eksozi iliyoinuliwa juu isinywe maji ya mito. Yule mzungu alikuwa akishindana nayo matopeni na wenzake huko Sotik, akirudi amejaa udongo mpaka masikioni, anacheka peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa baiskeli, na mtu wa baiskeli analijua shimo kwa makalio yake. Siku ya kwanza Mogaka aliponipakia tukapita barabara ya mto, shimo likaja, nikajikaza, na wala halikunirusha. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilitaka kujua shimo lile limekwenda wapi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Sikufundishwa na mtu. Niliifungua miguu ile ya mbele kwenye gunia, kipande baada ya kipande, nikavipanga kwa mstari vile vilivyotoka, nikanusa oili, nikahesabu mizunguko ya springi, nikavirudisha kwa kufuata mstari kinyume. Nilifanya hivyo mara tatu bila sababu yoyote ila kutaka kuona. Nikagundua kwamba springi hubeba mzigo tu. Kinachomeza shimo ni oili kulazimishwa kupita mahali pembamba, na mahali pembamba penyewe ni pete moja ya chuma, upana wa kifuniko cha chupa, iliyokaa juu ya fimbo ndani ya kila mguu. Pete hiyohiyo ndiyo inayouzuia mguu usichomoke unapojinyoosha hadi mwisho. Kitu kidogo, kazi mbili. Nilimwonyesha Mogaka, akasema, "Sasa wewe umekuwa daktari wa chuma." Nilifurahi kwa jina hilo kuliko ninavyofurahia jina la mzee wa kanisa.

Miaka michache baada ya Uhuru sili zinazoziba oili miguuni zilianza kuvuja, na vipuri vya pikipiki ile havikuwako Kisii wala Kisumu. Mogaka alikuwa akitumwa na kanisa kupeleka barua na vitu kwenye makanisa madogo ya upande wa Nyamira. Jumatano moja akaniletea pikipiki, akasema Sabato alfajiri lazima aipande, kwa kuwa ndiye anayepeleka mkate wa Meza ya Bwana. Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Nikakata sili kwa ngozi ya ng'ombe, nikazichemsha katika mafuta ya kondoo, nikazibana kwenye kalibu ya mti zipate umbo. Kanji alinikerezea bushi za shaba. Alizitazama sili zangu, akaziweka kwenye kiganja chake kama mtu anayepima dengu, akasema, "Hii nzuri. Lakini wewe iko na haraka sana. Chuma hapana penda haraka." Nikacheka. Nilidhani wivu.

Ijumaa ikafika. Unajua Ijumaa ya nyumba yetu ilivyo. Jua likikaribia kile kilima cha pili, majembe yanaingia ndani, maji yanatekwa, mboga za chinsaga zinaivishwa mapema, na bibi yako alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akitwambia jua halimngoji mtu. Mimi nilikuwa bado na mguu wa kushoto mikononi. Mogaka alikuwa amesimama pembeni, anatazama kilima, anatazama mikono yangu. Nikaharakisha. Nikatia fimbo, nikatia springi, nikamimina oili, nikakaza nati ya juu. Jua likaingia, Mogaka akawasha, akaenda zake kwao ng'ambo ya bonde. Nikainua karai la mafuta ya taa nililooshea vipande nimwage uchafu, tambara lililokuwa ndani likateleza, na chini yake nikaiona pete.

Nilisimama na ile pete mkononi. Nilijua ni ya mguu gani. Kutoka kwangu mpaka kwa Mogaka ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mwezi ulikuwa mzuri. Kumwambia tu "Usiipande kesho" si kazi ya mikono, hata mtoto wa shule ya Sabato angenijibu hivyo. Lakini nikaanza kujadiliana na nafsi yangu. Nikasema Sabato imeingia. Nikasema nikimwambia, ataniomba nifungue, nami siwezi kufungua, na mkate wa Bwana utachelewa kwa sababu yangu. Nikasema pengine mguu utakaa tu kwa siku moja. Chini ya maneno hayo yote kulikuwa na neno moja: nilimwonea haya. Daktari wa chuma amesahau pete. Nikaingia ndani tukafungua Sabato kwa wimbo, na sauti yangu ilisikika kuliko za wengine.

Kesho yake, katikati ya hubiri, mtu aliingia akamnong'oneza mchungaji. Mogaka alikuwa ameanguka kwenye mteremko wa mto. Kuna kilima kidogo pale kabla ya daraja, na pikipiki ile ikipanda kilima namna ile huinua gurudumu la mbele hewani. Mguu ukajinyoosha ukapita mwisho wake, ukashikana, gurudumu likageuka upande. Goti lake lilipiga jiwe la daraja. Waliomwokota walikuwa wanawake waliokuwa wakipika chang'aa kando ya mto, na kwa kuwa hawakuwa na dawa, walimwoshea kidonda kwa chang'aa. Walifanya vizuri, na muuguzi mmoja aliniambia baadaye kwamba huenda ndiyo iliyouokoa mguu usikatwe. Lakini alifika hospitalini ananuka pombe, na mkate wa Meza ya Bwana umetapakaa mtoni. Habari iliyorudi Marani ilikuwa hiyo ya kunuka tu.

Mwanangu, nakuomba usiruke sehemu hii. Kikao cha kanisa kilikaa yeye akiwa bado kitandani. Walisema alilewa siku ya Sabato akiwa amebeba vitu vitakatifu. Wakauliza nani anakubali jina lake liondolewe kwenye orodha ya washiriki. Mikono ikainuka. Mimi nilikuwa benchi la pili, na macho yalinigeukia kwa kuwa mimi ni ndugu yake, wakitaka kuona kama nitapendelea damu. Nikainua mkono. Baada ya kikao nikaenda chooni nikaitumbukiza ile pete shimoni, nikaisikia inavyotua.

Tangu hapo, kila robo mwaka tunapofanya Meza ya Bwana na wanaume kuoshana miguu, nimeosha miguu ya karibu kila mwanamume wa kanisa hili. Nilikuwa mwepesi wa kushika beseni, na watu waliniita mnyenyekevu. Wakaniweka kuwa mzee wa kanisa. Mogaka alitoka hospitalini na goti lililokauka, akakaa hapa miaka miwili akitazamwa upande, kisha akahamia Itumbe akapanda chai. Pikipiki aliniachia. Alisema tu, "Kaa nayo." Niliifunika magunia, kuku wakalala juu yake. Mimi, niliyefungua miguu ile mara tatu kwa hamu tu ya kuona, nilikaa miaka hiyo yote bila kuigusa. Wewe ukapata barua yako ya kazi ya kuwafundisha wakulima wa chai Nyacheki, ukaondoa yale magunia, ukasema tuitengeneze upate usafiri. Moyo ulinipasuka, lakini ningekukataza kwa sababu gani?

Basi siku ile uliyokuwa mjini nilifungua kwanza mguu wa kulia. Pete yake ilikuwa mahali pake, imelika kidogo upande mmoja, sawa na umri wake. Nikafungua wa kushoto. Nikavuta fimbo, na juu ya fimbo kulikuwa na pete.

Ungekuwepo ungedhani baba yako amerukwa na akili. Nilikaa chini nikacheka, nikaimba, nikamwita mama yako aje aone, naye hakujua anaonyeshwa nini. Nilisema moyoni, kumbe niliitia! Ile ya karaini ilikuwa ya kitu kingine, Mogaka aliendesha vibaya, na miaka yote nimejitesa bure. Nilikuwa mtu huru kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Ila ndani yangu kuna yule mdudu anayetaka kuona. Akaniuliza swali lako: kama pete imo, mbona mguu huu unazama upesi? Nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Haikuwa chuma, ilikuwa shaba. Tundu lake lilikuwa limepanuliwa kwa tupa, kwa mkono wa mtu asiye fundi, likazidi fimbo kidogo, na oili ilikuwa ikipita hapo bila taabu. Hilo ndilo jibu lako, ulilotakiwa kulipata siku ileile. Nikaigeuza upande wa pili. Kulikuwa na herufi zilizokwaruzwa nusu. Ilikuwa senti kumi, zile za zamani zenye tundu katikati. Na alama za tupa zilikuwa mbichi, hazikuguswa na safari hata moja. Pete ile haijawahi kuendeshwa. Aliyeitia, aliitia baada ya pikipiki kuanguka, na alijua sawasawa ni nini kilichokosekana.

Nilipanda basi kwenda Itumbe Jumapili iliyofuata. Nilimkuta Mogaka kwenye kituo cha kupimia majani, amekaa juu ya kikapu kilichogeuzwa, ule mguu umenyooka mbele yake. Nikamwekea senti kumi kiganjani bila salamu. Aliitazama, akatabasamu.

"Mmefungua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua nikiwa bado hewani. Nilisikia mguu unachomoka. Mtu akipanda kitu kila siku, anakisikia."

"Na hii uliitia lini?"

"Kuna mwalimu mmoja wa Nyamira alitaka kuinunua nilipotoka hospitali. Nikafikiri, huyu ataipeleka kwa fundi, fundi atafungua, ataona ndani hakuna kitu, na atauliza ni nani aliifunga mwisho. Wewe ulikuwa na watoto wanne na kibanda kimoja. Nani angekuletea hata baiskeli? Basi nikatafuta tupa. Mwalimu mwenyewe hakurudi."

Nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Mbona hukusema, ndugu yangu? Walipokufuta, mbona hukusema?"

Akanirudishia ile senti. "Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nililia, Makori, mbele ya watu na mizani yao. Sioni haya kukuandikia. Wanawake wenye vikapu walipita wakitutazama. Mogaka aliniacha nimalize, kisha akaniuliza habari ya pikipiki, kama sili za ngozi zilikuwa bado zinashika, nikamwambia zimekauka lakini hazijapasuka, akafurahi. Tukazungumza sili na springi mpaka majani yakaisha kupimwa. Nilidhani kwamba mtu uliyemkosea atakungoja na rungu, ndiyo maana unamkwepa, na kumbe miaka yote hiyo huyu alikuwa na hamu ya kuulizwa tu. Mimi nilikuwa mdadisi wa kila kitu chenye nati. Ndugu yangu sikumuuliza hata kama anapata usingizi.

Akaniagiza nisikuache uondoke na senti kumi yake ndani ya mguu wa pikipiki. "Mtoto hatembei na uongo wangu," alisema. Kanji amekereza pete ya chuma, nimeitia juzi nikiwa sina haraka, mchana kweupe, na wewe mwenyewe ulisukuma mguu ukaniambia sasa umekuwa sawa na mwenzake. Ukaniuliza nilifanya nini. Nikasema ni oili mpya. Huo nao ulikuwa uongo, na natumaini ni wa mwisho katika habari hii.

Leo asubuhi, baada ya shule ya Sabato, niliomba nafasi. Nilisema yote niliyokuandikia, ila kwa ufupi. Nilisema Mogaka hakulewa. Nilisema habari ya pete, na choo, na mkono nilioinua. Halafu mzee mmoja, huyo huyo aliyesoma jina la Mogaka siku ile, akasema ni vizuri, ni vizuri, lakini mambo ya zamani yanahitaji kikao. Kitakaa Sabato ijayo. Wataamua juu ya jina la Mogaka, na wataamua juu ya langu. Mwenzake mwingine alinivuta nje akaniambia ningeyasema kwa Mungu tu, faraghani. Sijui watainua mikono namna gani. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili nina hamu ya kujua, wala siogopi.

Nilimwomba Mogaka aje leo. Hakuja. Nilipokuwa ninaagana naye siku ile kituoni nilimuuliza nimfanyie nini, nimpe nini, maana nilikuwa tayari kutoa hata shamba la mtoni. Alichezea fimbo yake ya kutembelea. Akasema, "Kijana wako alisoma bweni upande wa Nyacheki miaka minne. Kila kufunga shule alipita hapa na sanduku lake. Nilikuwa namwona akitokea pale kwenye kona. Akinikaribia anavuka ng'ambo ya barabara, anatazama majani chai kama mtu anayeyahesabu. Sikumlaumu. Lakini nilikuwa nakaa nje siku hizo kusudi, nikijua shule zinafungwa."

Mimi ndiye niliyekufundisha kuvuka ile barabara.

Kesho ukifika Itumbe atakuwa amekaa nje. Zima injini, mwanangu, ushuke.

Mimi baba yako,
Onchari